Ukoo Mmoja: hita ya Shangazi

Zuhura, 18:04: Jamani, hita ya gesi ya Shangazi inapuliza baridi tangu mchana. Nataka watu wawili leo leo. Msisome mkanyamaza, tiki za bluu naziona.

Zuhura, 18:31: Watu 19, kimya. Saidi?

Saidi, 18:40: Nipo. Shangazi, shikamoo. Kwenye themostati, pale pa kupangia joto, feni iko ON au AUTO? Ikiwa ON inazunguka hata moto usipowaka, na hapo upepo lazima uwe baridi.

Shangazi Mwanaidi, 18:52: Marahaba. Iko AUTO. Nasikia inawaka, puu, kisha inazima. Mara tatu hivyo, halafu feni tu.

Idi, 18:53: Kama ndoa za wengine humu 😂

Mwajuma, 18:53: 🤣🤣

Zuhura, 18:54: Idi, Shangazi anaganda!

Saidi, 18:59: Shangazi, moto unadumu muda gani?

Shangazi Mwanaidi, 19:03: Sekunde tano hazifiki.

Saidi, 19:08: Basi si filta. Filta ikiziba, moto hukaa dakika kadhaa, hita inapata joto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata moto na feni inaendelea kuipoza. Huo wa sekunde chache ni wa sensa ya moto: kijiti cha chuma kilichoingia ndani ya mwali, chenye kigae cheupe na waya mmoja. Mkondo wa umeme unaopita hapo ni mdogo mno, maikroampea chache tu. Kikishika utando, ubao wa saketi hauuoni moto, unafunga gesi. Ukijaribu mara kadhaa unajifunga wenyewe.

Mwajuma, 19:10: Si azime awashe tena?

Saidi, 19:12: Itawaka sekunde zilezile. Dawa: zima umeme wa hita, funga koki ya gesi, fungua skrubu moja, chomoa kijiti, sugua taratibu kwa msasa laini kabisa, futa kwa kitambaa kikavu. Kiwashio cha pembeni usikiguse, kinavunjika kama chaki. Mlango wa hita urudi sawasawa, una swichi yake; ukikaa upande haiwaki kabisa.

Zuhura, 19:13: Safi. Saidi unakwenda saa ngapi?

Saidi, 19:20: Skrubu ile inataka boksi spana ya robo inchi. Yangu anayo Idi. Tangu msiba.

Idi, 19:21: Nilirudisha!

Saidi, 19:21: Ulirudisha kisanduku.

Mwajuma, 19:22: Haya, na jenereta je? 👀

Zuhura, 19:22: Mwajuma, TAFADHALI.

Baba Mkubwa, 19:41: Mwanaidi, zima hiyo mashine. Kengele ya monoksaidi ya kaboni, ile gesi ya sumu, unayo?

Shangazi Mwanaidi, 19:44: Ipo kaka, ila betri ilitolewa.

Baba Mkubwa, 19:46: Basi haiwashwi mpaka kengele ilie mkiijaribu. Leo unalala kwangu. Spana tutaizungumza mbele yangu.

Idi, 19:58: Shikamoo Baba Mkubwa.

Saidi, 20:02: Sawa Baba. Nikisugua isishike, natazama waya wa ardhi na ufa kwenye kigae. Ukiwepo, sensa mpya.

Zuhura, 20:05: Kesho saa nne basi. Idi analeta spana, Saidi msasa. Betri nani?

Zuhura, 20:40: Betri nani??

Halima, 23:12: Ndiyo naona. Mmeangalia koki ya gesi? Mkono ukikingama na bomba, imefungwa.

Zuhura, 23:13: Halima, moto UNAWAKA. Soma juu. Na wewe ndiye betri.

Idi, 23:30: Kesho saa nne ya asubuhi au ya usiku?