Sensa ya taa ya nje: swichi ya ndani inaingia wapi?

Habari zenu wakuu. Niko Kisumu. Nataka taa ya LED ya mlango wa nyuma iwashwe na sensa (kifaa kinachohisi mtu akipita), lakini niweze pia kuiacha ikiwaka usiku kucha kwa swichi ya ndani. Sensa ina nyaya tatu: kahawia, buluu, nyekundu.

Jibu: Usiiweke swichi kabla ya sensa, ukizima, sensa inakosa stima. Zima breka, hakikisha kwa testa. Laivu ya kudumu (waya wenye umeme wakati wote) iingie kahawia. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) iende buluu na kwenye taa, nyekundu iende kwenye taa. Swichi iunganishe laivu hiyo na nyekundu: ukiwasha, taa inabaki; ukizima, sensa inaamua. Kutoka kwenye swichi hadi kwenye sensa utavuta nyaya nne za 1.5mm²: laivu, ya swichi (inayoenda nyekundu), nyutro na ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini). Hapa ndipo watu hukwama, wanavuta tatu tu.

Jibu: Laivu ya sensa na ya swichi zitoke breka moja, tafadhali. Zikitoka saketi tofauti, utazima moja na waya wa taa ubaki na 240V.

Jibu: Sensa ifunge mita 2 hadi 2.5 juu, tundu la waya likiangalia chini mvua isiingie. Wadudu wa ziwa wakijaa kwenye lenzi, ipanguse, la sivyo taa itawaka ovyo.