Bhangi ilitolewa uvunguni nyumbani, hati ya mashtaka yasema mfukoni barabarani. Tufanyeje?

UmmuSwafiya:

Assalaam aleikum jamaa. Nauliza kwa ajili ya mdogo wangu, mwendesha tuktuk wa huku Kisauni, Mombasa. Ijumaa usiku tumeshalala, mlango ukagongwa kama wa kuvunjwa. Wakaingia wanaume wanne, mmoja tu ana sare. Mama alipouliza hati ya upekuzi akaambiwa akae kando. Stima ilikuwa imepotea, kwa hivyo mimi ndiye niliyewamulikia kwa simu, na niliona kila kitu: wakainua godoro, wakaingia uvunguni, mmoja akatoka na misokoto iliyofungwa kwenye gazeti. Chumba hicho hulala mdogo wangu na binamu zetu wawili, ambao usiku ule walikuwa Malindi harusini.

Sasa sikilizeni. Jumatatu kafikishwa kortini, hati ya mashtaka inasema alikamatwa barabarani akipita kwa miguu, na bhangi ilikuwa mfuko wa kulia wa suruali. Mtoto alikuwa na kikoi! Suruali alivaa akiambiwa twende. Inasema tena kwamba alikiri mwenyewe garini. Kuna na orodha ya vitu vilivyopatikana, ina sahihi yake, lakini anasema aliambiwa aitie sahihi alfajiri kituoni bila kusomewa. Amekana, ametoka kwa bondi. Askari mmoja amempigia simu akimshauri abadilishe, akubali, apigwe faini ndogo yaishe. Tumkubalie?

TukTukBoy_Kongowea:

Pole dada. Mimi ningelipa faini. Kesi hizi huzungushwa mpaka gari linarudishwa kwa mwenyewe kwa sababu kila mara uko kortini. Haki ni tamu lakini na chakula je?

KaraniMstaafu:

Mwanangu UmmuSwafiya, nimeshika mafaili ya korti maisha yangu yote ya kazi. Si wakili, kwa hivyo haya yapeleke kwa wakili ayapime.

Kwanza asikiri kitu. Mshtakiwa akikiri, ule ushahidi haupimwi na mtu: hakuna shahidi wa kuulizwa, hakuna kikoi wala uvungu. Na kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinamfungia rufani, labda alalamikie adhabu tu. Nimewaona vijana wengi wakitoka na faini ndogo, kisha wakitaka cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi, ndiyo wanashtuka.

Halafu jiulize kwa nini nyumba imegeuka barabara. Kupekua nyumba usiku kuna masharti. Hati ya korti, kwa kifungu cha 119 cha sheria hiyohiyo, hutumika jua likichomoza hadi likizama, isipokuwa hakimu ameruhusu saa nyingine. Bila hati, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, kifungu cha 60, inaruhusu pale ambapo kuchelewa kungeharibu upelelezi, lakini afisa aandike sababu zake na aonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Barabarani hayo yote hayaulizwi sana. Na bhangi ya uvunguni katika chumba cha watu watatu ina mwenyewe? Ya mfukoni haina ubishi. Kwa hivyo usiridhike kusema "hawakuwa na hati". Hakimu anaweza kukubali ushahidi hata kama hati haikuwepo. Ibara ya 50(4) ya Katiba inamtaka autupe iwapo umepatikana kwa kuvunja haki na kuupokea kutaiharibu kesi au kuivunjia hadhi mahakama. Ni uamuzi wake. Nguvu yenu iko kwenye uwongo wa mahali.

Uwongo huo utafuteni kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi. Askari wakitoka kituoni huandikwa, wakirudi na mtu huandikwa, na saa. Linganisha na maelezo ya kila askari. Ibara ya 50(2)(j) inampa mdogo wako haki ya kupewa mapema ushahidi watakaoutumia, basi muombe hakimu aagize mpewe. Wanne waliotunga pamoja hawakumbuki sawasawa suruali ilikuwa ya rangi gani, utaona.

Hiyo ya kukiri garini isikutishe. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo lifanywe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo ambaye si mpelelezi wa kesi, tena awepo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Garini hakukuwa na mtu wake.

Mwanajuma_MjiWaKale:

Mzee amesema, ila nyinyi pia msikae. Dada, andika leo hii uliyoyaona, kwa mkono wako, na tarehe, kabla hujaanza kuchanganya na unayosimuliwa. Na ile simu ya askari, andika saa na namba, usizungumze naye tena. Pelekeni malalamiko IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, wana ofisi hapa Mombasa, lakini jua hayasimamishi kesi. Kwa msaada wa kisheria jaribu mashirika ya haki za binadamu, MUHURI au Haki Africa.

Na je, misokoto ilipimwa uzani mbele yake? Iliandikwa mingapi?

UmmuSwafiya:

Shikamoo mzee, ahsante sana. Mwanajuma, hakupimiwa chochote mbele yake. Na orodha aliyotia sahihi imeandika "misokoto kadhaa", hati ya mashtaka ina idadi kamili! Mimi sikuhesabu, lakini gazeti lile lilikuwa dogo.

Jirani yetu wa mlango wa pili aliona akitolewa ndani na kikoi. Tatizo anaogopa, ana mtoto wa kiume naye.

KaraniMstaafu:

Marahaba. Hiyo ya "kadhaa" ni dhahabu, itunze. Wakili amuulize aliyeandika orodha: idadi aliipata wapi, lini, na nani alikuwa amekishika kielelezo mpaka kikafika kwa Mkemia wa Serikali. Sheria ya dawa za kulevya, kifungu cha 74A, inataka vipimwe uzani mbele ya mshtakiwa inapowezekana.

Jirani usimlazimishe. Mueleze kwamba korti inaweza kumpa samansi, na mtu aliyeitwa kwa samansi ana la kuwaambia watakaomuuliza kwa nini ameenda. Akikataa kabisa, wewe na mama mnatosha kuanza. Binamu zako walete tikiti za basi la Malindi kama hawajazitupa.

UmmuSwafiya:

Mmoja anayo, imo kwenye M-Pesa, alilipa kwa simu. Kesho asubuhi nakwenda rejista ya korti kuomba nakala za faili.

TukTukBoy_Kongowea:

Dada, nimebadili mawazo. Siku ya kesi niambie, nitamshikia tuktuk yake mpaka jioni, hesabu nampelekea tajiri mwenyewe.