Majaribio ya aina za pamba jangwani: je, yanaweza kutuongoza sisi wa Igunga katika kuchagua mbegu?

Katibu wa AMCOS, Igunga

Habari zenu ndugu wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni.

Mwanachama mmoja wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, ana kijana anayesoma nje ya nchi, naye ametutumia majedwali ya majaribio ya kulinganisha aina za pamba katika jangwa la Arizona, Marekani, katika maeneo kama Yuma, Maricopa na Safford. Majedwali hayo yanaonyesha mavuno ya nyuzi kwa kila aina, asilimia ya nyuzi baada ya kuchambuliwa, urefu wa nyuzi, pamoja na herufi ndogo pembeni ya kila namba ambazo hatukuzielewa. Tangu yasomwe kwenye mkutano, baadhi ya wanachama wanasema kwamba kama pamba inastawi jangwani namna hiyo, basi mbegu iliyoongoza kule ndiyo inayotufaa, kwa kuwa Igunga nako mvua ni ya kubahatisha na jua ni kali.

Wengine tumeona ni heri tujifunze namna wenzetu wanavyolinganisha, kisha tulinganishe wenyewe mbegu zetu mbili za pamba, UKM08 na UK91, katika mashamba yetu, maana tuna wanachama wenye mbuga nyeusi (udongo mzito wa mfinyanzi) na wengine wenye udongo wa kichanga, na kila mmoja anaisifu au kuilaumu mbegu kwa alichokiona kwake. Ninaomba mnisaidie mambo mawili: jedwali la jangwani lisomwe vipi, na jaribio letu lipangwe vipi ili msimu ukiisha tuwe na jibu la kuaminika?

Mtafiti mstaafu, Tabora

Ndugu Katibu, nianze na hilo la jangwa, kwa sababu ndilo linalowachanganya wanachama wako.

Pamba ya Arizona haiishi kwa ukame. Yuma hupata mvua ya wastani wa chini ya milimita 100 kwa mwaka, lakini pamba ya jangwa hilo hutumia takribani milimita 1,000 za maji kwa msimu, na karibu yote huletwa kwa mifereji na visima. Kwa hiyo anayelinganisha aina za pamba kule amekwisha kuliondoa suala la maji mezani, na kikubwa kinachobaki kuzitenganisha aina ni joto. Kati ya Julai na Agosti unyevu wa hewa hupanda, mmea hushindwa kujipoza kwa kutoa mvuke, na usiku nao hauleti nafuu. Wastani wa joto la mmea wenyewe kwa siku ukivuka nyuzijoto 28 za Selsiasi wao huhesabu kuwa mmea umeanza kusumbuka, na ukivuka 30 vitumba vichanga hupukutika siku 3 hadi 5 tu baada ya ua kufunguka. Aina inayoongoza Yuma ni ile inayovumilia hali hiyo huku mizizi yake ikiwa imelowa.

Igunga mambo ni kinyume. Mko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wenu hupoa, na kinachowatoa jasho ni siku 20 za jua zinazoingia katikati ya msimu bila tone la mvua. Swali hilo jedwali la Yuma halijaliuliza, hivyo haliwezi kulijibu. Hata ndani ya Arizona kwenyewe, Yuma iko bondeni karibu na usawa wa bahari ilhali Safford iko kwenye takribani mita 900, na ndiyo sababu watafiti wa kule hurudia majaribio katika maeneo mengi na kwa miaka kadhaa, wala hawapendekezi aina moja kwa jimbo zima.

Sasa zile herufi. Aina ikiandikiwa "a", nyingine "ab" na nyingine "b", maana yake ni kwamba aina zinazoshiriki herufi hazijathibitika kutofautiana. Ya kwanza yenye "a" na ya pili yenye "ab" zinaweza kupishana kwa kilo nyingi kwenye karatasi, lakini tofauti hiyo ingeweza kuletwa na udongo, panya au mkono wa mpimaji tu. Chini ya jedwali huwekwa pia tofauti ndogo kabisa inayohesabika kuwa ya kweli. Isomeni namba hiyo kabla hamjamshangilia mshindi, kwani mara nyingi aina nne au tano za juu huwa zimefungana.

Bwana Shamba, Nzega

Nakubaliana na mzee wangu hapo juu, na ninaongeza jambo ambalo kwa ukanda wetu ni la kufa na kupona.

Marekani pamba huvunwa kwa mashine, na majani yenye manyoya huacha takataka nyingi kwenye nyuzi, kwa hiyo wazalishaji wao wa mbegu wamependelea aina zenye majani laini. Kwetu ni tofauti. Chawa jani, yule mdudu mdogo wa kijani anayekimbia kiubavu ukiligeuza jani, hushambulia zaidi jani laini. Kingo za jani hujikunja kwa chini, huwa za njano na kisha nyekundu, na mmea hudumaa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, kule Mwanza, walilifanyia kazi suala hili kwa miongo mingi, wakachagua aina zenye manyoya kwenye majani na zenye kuhimili ugonjwa wa bakteria unaotia mabaka kwenye majani. Herufi UK katika majina ya mbegu zetu zimetokana na Ukiriguru. Ukipanda jani laini Igunga kwa sababu liliongoza Maricopa, utakuwa umeitupa kazi hiyo yote, na fedha utakayoitumia kununulia dawa itamaliza faida kabla pamba haijafunguka.

Tena, mbegu nyingi zinazolinganishwa kule zimebadilishwa vinasaba ili kujikinga na funza na kuvumilia dawa za magugu. Mavuno yake yamebebwa na teknolojia hiyo pamoja na umwagiliaji, mbolea na kampeni iliyomtokomeza funza wa pinki, ambaye mwaka 2018 Marekani ilitangaza kuwa ameondolewa katika maeneo yake ya pamba. Huwezi kuichukua namba moja ukayaacha yaliyoizaa.

Na tafadhali, Katibu, waambie wanachama wasiagize mbegu kwa njia za pembeni. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaonyausha mmea, husafiri ndani ya mbegu, na ukishaingia ardhini hautoki kirahisi. Aina mpya ina njia yake hapa nchini: hupitia majaribio ya kitaifa na ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kumfikia mkulima. Njia hiyo ni ndefu, lakini inamlinda jirani yako pia.

Mkulima, Kakonko

Sisi upande wa Kigoma mvua zetu ni nyingi kuliko za Igunga, kwa hiyo sitawashauri mbegu. Ninachotaka kukisema kinahusu mizani. Mkulima analipwa kwa uzito wa pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa, lakini kiwanda kinauza nyuzi. Tuchukulie mfano: aina moja imetoa kilo 1,000 za pamba mbegu zenye nyuzi asilimia 34, nyingine kilo 920 zenye asilimia 39. Ya kwanza ni kilo 340 za nyuzi, ya pili ni takribani 359. Kwa mkulima ya kwanza ndiyo bora, kwa kiwanda ni ya pili. Majedwali ya jangwani hupanga aina kwa nyuzi. Je, ninyi mtapanga kwa kipi? Mkubaliane kabla ya kupanda, vinginevyo kila mtu atachagua namba inayompendeza baadaye. Kwa maoni yangu muandike zote mbili, maana siku bei itakapofuata ubora, chama chenye takwimu za nyuzi kitakuwa na la kusema mezani.

Katibu wa AMCOS, Igunga

Nawashukuru sana. Tumeelewa kwamba la kuchukua jangwani ni utaratibu, wala si mbegu. Tulifikiria kumpa mkulima mmoja UKM08 ekari moja na jirani yake UK91 ekari moja, kisha tupime. Je, inatosha?

Mtafiti mstaafu, Tabora

Haitoshi, Ndugu Katibu, na ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi vijijini. Mkulima wa kwanza akipanda Novemba 20 na wa pili Desemba 10, mtakuwa mmelinganisha tarehe. Mmoja akipalilia mapema, mtakuwa mmelinganisha jembe. Tofauti ya mbegu itajificha humo na hamtaipata tena.

Fanyeni hivi: kila mkulima anayeshiriki apande aina zote, upande kwa upande, siku moja, katika udongo wa namna moja. Mkipata wakulima 8, wanne wa mbuga na wanne wa kichanga, kila shamba linakuwa rudio moja la jaribio, na mwishoni mnaangalia kama aina iliyoongoza imeongoza katika mashamba mengi au imebebwa na shamba moja lenye rutuba. Zaidi ya hapo, mtaona kama mshindi wa mbuga ndiye mshindi wa kichanga, jambo ambalo kwa Igunga naliona kuwa kubwa kuliko mavuno ya wastani.

Upande gani ipandwe aina ipi, pigeni kura kwa vikaratasi katika kila shamba. Msimwachie mwenye shamba achague, kwa sababu ataiweka aina anayoipenda karibu na kichuguu ambako udongo ni mzuri. Na kama shamba lina mteremko, vipande vikae sambamba ili kila kimoja kishuke kutoka juu hadi chini, kisije kimoja kikapata maji yote yanayotuama.

Vipande viwe na mistari 4 ya mita 10. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30, mnavuna kwa kipimo mistari miwili ya katikati tu, kwa kuwa ya pembeni hunufaika na nafasi au huumizwa na jirani. Hiyo ni mita za mraba 12. Ekari ina takribani mita za mraba 4,047, kwa hiyo kila gramu 100 mnazokosea kwenye mizani zinageuka karibu kilo 34 kwa ekari. Ndiyo sababu ninasisitiza mizani ndogo ya kidijitali, si ile ya kuning'iniza gunia. Pamba iwe imekauka, safi na fifi (pamba chafu yenye madoa) zitenganishwe, na kila mchumo uandikwe peke yake kabla ya kujumlishwa, kwani aina inayokomaa mapema huonekana kwenye mchumo wa kwanza, na katika mwaka ambao mvua inakatika Machi hiyo ndiyo sifa itakayowaokoa.

Bwana Shamba, Nzega

Kuhusu asilimia ya nyuzi, msisubiri kiwanda. Chukueni vitumba 50 vilivyofunguka vizuri kutoka katikati ya kila kipande, tenganisheni nyuzi na mbegu kwa mkono, mpime zote mbili. Asilimia mtakayoipata haitalingana na ya kiwandani, na wala msiilinganishe na ya Arizona, ambako mashine huvuna pamoja na vipande vya majani na makapi. Lakini kati ya UKM08 na UK91 zilizochambuliwa na mikono ileile, ulinganisho utakuwa wa haki.

Kwa upande wa dawa, kila shamba lipulizie vipande vyake vyote kwa wakati mmoja, baada ya kukagua wadudu. Mkiweza, acheni mstari mmoja wa pembeni wa kila aina bila dawa, ule usiopimwa mavuno, mhesabu chawa jani katika majani ya juu ya mimea 10 kila wiki. Mkipulizia kila mahali hamtajua mbegu ipi inajitetea yenyewe.

Andikeni pia tarehe na kiasi cha kila mvua katika kila shamba, kwa kuwa Igunga mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa kijiji na kuuacha mwingine. Kipima mvua cha plastiki ni bei ndogo. Na msitangaze mshindi baada ya msimu mmoja. Rudieni angalau misimu miwili, kwa mashamba yaleyale au mengine ya udongo wa namna hiyohiyo. Mkianza sasa kuwatafuta hao wakulima 8, mtakuwa tayari kabla dirisha la kupanda la Novemba 15 hadi Desemba 15 halijafunguka, na mimi niko radhi kuja kupiga hizo kura za vikaratasi pamoja nanyi.