Nimebadilisha bodi, programu imenifungia

Muulizaji, Wete:
Assalaam alaykum. Nina duka la kupiga chapa karibu na bandari. Chumvi imekula bodi kuu ya kompyuta, fundi kaweka nyengine. Sasa programu ya kuchorea kadi inasema leseni si ya mashine hii! Diski ileile, pesa nimelipa, na bibi harusi anasubiri kadi 200. Nifanyeje?

Fundi, Chake Chake:
Waalaykum salaam ndugu yangu. Programu nyingi huitambua mashine kwa bodi. Ikibadilika, kwao ni kompyuta mpya. Ingia kwenye akaunti yako ya programu hiyo, iondoe mashine ya zamani, kisha washa leseni upya.

Msomaji, Unguja:
Ikigoma, tumia Inkscape, programu nyengine ya kuchorea. Ni bure, haidai leseni.

Muulizaji:
Leseni imekubali, alhamdulillahi. Lakini imeniuma kuombea ruhusa kitu changu.