Majirani Wakristo Magomeni, Bagamoyo

Mama Neema: Bwana Yesu asifiwe wapendwa 🙏 tarehe 18 mpaka 25 January ni wiki ya kuombea umoja wa wakristo, naomba safari hii tusiishie kusikia tangazo kila mtu kanisani kwake, tukutane

Baba Joshua: Amina. Shida ni wapi, ukisema KKKT kwa walutheri, walokole hawaji, ukisema parokiani wengine wanaogopa mchungaji wao atawaonaje

Mjomba: Mimi mtanisamehe, huko ni kuchanganya madhehebu. Ubatizo tu hatujakubaliana

Mama Neema: Shikamoo mjomba. Hakuna atakayekuambia uache ubatizo wako, na Meza ya Bwana hatutashiriki pamoja, hilo tuwaachie viongozi. Ila ule msiba wa juzi nani alikuwa anamenya vitunguu na nani? Mama wa Sabato na mama wa Anglikana sufuria moja. Na Baba Yetu tulisali wote, ilipofika kwa kuwa ufalme ni wako wakatoliki wakanyamaza sisi tukaendelea, halafu amina tukaitikia pamoja

Mjomba: Marahaba. Msibani ni utu

Mama Neema: Haya sasa, kama utu unatukalisha turubai moja, Kristo atashindwaje??

Baba Joshua: Tena hapa hapa Bagamoyo, mwaka 1874 kina Chuma na Susi walipouleta mwili wa bwana wao Livingstone, yule mmisionari, mprotestanti kabisa wa Scotland, waliompokea ni mapadri wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu, wakamlaza kanisani kwao, ule mnara wa kanisa si bado upo. Na enzi hizo madhehebu yalikuwa hayaelewani kama yanavyoelewana leo

Shangazi: Hata Biblia ya Habari Njema wametafsiri wakatoliki na waprotestanti pamoja, mbona tunaisoma wote. Tusome Yohana 17 pale Yesu anaomba wote wawe na umoja, aliomba usiku ule ule aliokamatwa jamani, hilo jambo lilikuwa moyoni mwake

Mjomba: Nani atahubiri? Maana hapo ndo ugomvi unapoanzia

Mama Neema: Hakuna kuhubiri. Tunasoma, tunaombea wagonjwa wa mtaa kwa majina, kila kanisa wimbo mmoja. Spika hakuna, sadaka hakuna. Jumamosi saa 10 jioni uani kwangu

Mjomba: Bila spika nakuja. Yohana 17 nisome mimi

Shangazi: 🙌🙌 chai na vitumbua niachieni