Kijia cha bustani kisichonyooka: mawe bapa, kokoto au moramu?

MkaziWaRau: Ndugu zangu, habari za leo. Nimehamia nyumba mpya hapa Rau, Moshi, nami ninataka kijia cha kupindapinda kutoka getini hadi barazani, kikipita kando ya mwembe uliokuwepo kabla ya nyumba. Fundi anakuja Jumamosi na sijaamua kati ya mawe bapa, kokoto na moramu, yaani udongo wa changarawe. Naomba ushauri.

FundiNjiro: Hujatueleza kiwanja kinateremkia wapi, udongo ni wa aina gani, wala ni akina nani watakaopita hapo. Upana nao unategemea hayo: mtu mmoja anatoshwa na sentimita 90, bali wawili wakiongozana bega kwa bega wanahitaji 120 au zaidi.

MamaBustani: Mimi nasema mawe bapa, na ukoka uote katikati yake. Tembea mwendo wako wa kawaida, uweke jiwe kila unyayo unapotua, ambapo mara nyingi ni kama sentimita 60 kutoka katikati ya jiwe moja hadi katikati ya jingine.

MzeeSakina: Kokoto zilinitia hasara. Fundi alizimwaga moja kwa moja juu ya udongo mwekundu, bila kuchimba wala kushindilia, na kwa kuwa ilikuwa Januari, kijia kilipendeza sana. Masika yalipofika, maji yakakigeuza mfereji, na kufikia mwezi wa Mei kokoto zilikuwa zimezama, zimeshikwa na tope kama njugu kwenye kashata. Nililazimika kuchimba upya sentimita 15, kupanga mawe, kuyashindilia, ndipo nikarudisha kokoto, safari hii nikiacha mwinamo wa sentimita mbili kwa kila mita ili maji yatokee pembeni.

MkaziWaRau: Shikamoo Mzee, pole sana. Niliacha mambo ya msingi: kiwanja kinateremka kutoka getini kuja nyumbani, udongo ni mwekundu, na mama yangu anatembelea mkongojo.

MzeeSakina: Marahaba. Basi kokoto ziache, kwa sababu mkongojo unazama.

FundiNjiro: Moramu iliyoshindiliwa vizuri ingemfaa mama, ila kwenye mteremko huo mvua itaisomba hadi barazani. Halafu kila kona iwe na sababu, kama huo mwembe. Vinginevyo watu wataikata na kukanyaga maua.

MamaBustani: Ndiyo maana nashauri usubiri wiki mbili, uone majani yanalala wapi watu wanapopita. Kingo uzipande masale, ile mimea ya majani marefu, yanashika udongo.

KihambaKibosho: Mama, kwa heshima, kwetu Wachagga sale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ni jani la kuombea msamaha. Mimi nisingelipanda ili lipambe njia.

MamaBustani: Ninalijua hilo, ndugu yangu, na ninaliheshimu. Lakini mama mkwe wangu, Mchagga wa Machame, aliyapanda kando ya njia yake ili udongo usimomonyoke, wala sikumsikia mtu akimlaumu.

FundiNjiro: Turudi kwa mwenye swali. Mawe bapa yamfae mama ni lazima yagusane, yawe na uso wa kukwaruza usioteleza, na yakae juu ya mchanga ulioshindiliwa. Je, mizizi ya mwembe imejitokeza juu ya ardhi? Usikubali fundi aikate.

MkaziWaRau: Imejitokeza, tena mmoja ni mnene kama paja na unapita palepale nilipochora kona. Jumamosi nitamwomba fundi apime tu, asichimbe.