Naomba ushauri: homa ya mtoto inashuka kisha inarudi, leo siku ya tatu

Habari za usiku wazazi wenzangu, na wauguzi mliomo humu shikamooni.

Binti yangu ana miezi 14, kilo 9. Homa ilimwanza juzi usiku, kipimajoto kwapani kikasoma 38.9. Jana asubuhi nilimpeleka zahanati, akatobolewa kidole, malaria haikuonekana. Nikapewa paracetamol ya maji, ile ya miligramu 120 kwa mililita 5, nimpe mililita 5 kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Napima kwa bomba la sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Akinywa, homa inashuka hadi 37.4 na anacheza, anavuta kamba za viatu vya baba yake. Saa nne hazijatimia sawasawa, inapanda tena: nyayo za baridi, kichwa kinachoma. Ananyonya vizuri ila uji anaukataa. Nepi analowesha kama kawaida. Hatapiki, haharishi, hana upele wala degedege.

Mama mkwe anasema ni meno, nimfunike blanketi atoe jasho. Namheshimu sana, lakini naogopa kumzidishia joto. Nimemwacha na fulana nyepesi tu.

Naomba kujua: homa ikipanda kabla saa sita hazijafika, nifanye nini zaidi ya kumnyonyesha? Na kesho nikimrudisha, niombe kipimo cha malaria kirudiwe pamoja na mkojo, au kuna kingine? Usiku huu silali, namwangalia anavyopumua.